Bongoyo kwa Hesabu ya Mke Wangu

Wanaotuuliza kuhusu Bongoyo huanza na nauli ya boti, bei ya samaki na kama pana mahali pa kubadilishia nguo. Ni maswali ya haki, na nitayagusa, lakini mke wangu huwa hayajibu kabla hajauliza lake: mwezi umeandama lini? Wengi hudhani anafanya mzaha. Yeye ni mtoto wa mvuvi wa Pangani, mimi nimezaliwa Mbinga katika milima ya kahawa, na tangu tulipooana na kuhamia Dar es Salaam kazi zetu zimegawanyika bila mkutano wowote: makaratasi ya benki, ya shule na ya serikali ni yangu, na lolote linalogusa maji ya chumvi ni lake. Safari zetu za kwenda kisiwani asubuhi na kurudi jioni zimenifundisha mengi kuhusu bahari, lakini kubwa zaidi nililojifunza ni namna mwanamume mwenye familia, aliyezoea kuamua, anavyoweza kukaa kutwa nzima akiwa mwanafunzi wa mkewe, na faida inayotokana na kutwa ya namna hiyo.

Kwa asiyekijua, Bongoyo ni kisiwa kidogo kisicho na kijiji, kilichoko kaskazini mwa rasi ya Msasani, na boti inayoondoka Msasani hukifikia kwa muda wa nusu saa hivi. Wapo wakazi wa jiji hili wanaokiona kila wiki wakiwa ufukweni na hawajawahi kukanyaga mchanga wake. Pamoja na Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, kilitangazwa kuwa eneo tengefu mwaka 1975, na kwa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 maeneo hayo yakapata chombo maalumu cha kuyasimamia. Kwa msafiri, hilo lina maana kwamba atalipa kiingilio cha hifadhi mbali na nauli, kwamba raia na mgeni hawalipi kiasi kimoja, kwa hiyo kitambulisho kiwe mfukoni, na kwamba haruhusiwi kuvua wala kuondoka na makombe au vipande vya matumbawe. Mbudya, inayofikiwa kutoka upande wa Kunduchi, ni kubwa zaidi na ufukwe wake ni mzuri sana, lakini mwisho wa juma muziki huwa mwingi kuliko tunavyopenda. Sisi tumebaki na Bongoyo, tena siku ya kazi, ambayo kila mmoja wetu huiombea ruhusa mapema.

Nirudi kwenye mwezi. Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa hupita saa 6 na dakika chache. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko siku iliyotangulia, kwa sababu mwezi wenyewe nao huchelewa. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hutoka mbali sana na kurudi juu sana, na katika bandari ya Dar es Salaam tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, na tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita 1. Kilichonishangaza mimi mtu wa milimani, ambacho kila mvuvi wa pwani hii anakijua tangu utotoni, ni kwamba saa za bamvua karibu hazibadiliki: siku hizo maji huwa yamekupwa kwenye saa 4 asubuhi na yamejaa kwenye saa 10 jioni, mwezi baada ya mwezi.

Sasa mtu aziweke saa hizo kando ya ratiba ya safari ya siku moja. Wengi hufika kisiwani kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi na huondoka kwenye saa 10 jioni. Akienda siku ya bamvua, atafika bahari ikiwa imekimbia, atatembea juu ya miamba na majani ya bahari akitafuta maji ya kuogelea, na wakati maji yamekuwa mazuri na ameanza kuyafurahia, ufukwe utakuwa umebaki ukanda mwembamba na nahodha anaita watu. Mke wangu hulenga kuanzia tarehe 9 hadi 11 hivi za mwezi mwandamo, na tena kuanzia 24 hadi 26, kwa sababu siku hizo maji hujaa karibu na adhuhuri na huwa hayana fujo ya bamvua. Mtu hufika yakiwa yanapanda, huogelea yakiwa yametulia, na hula chakula yakiwa yanarudi polepole. Anayependa kutazama viumbe wa kwenye miamba, au mwenye watoto wanaopenda kuchungulia vidimbwi, na achague bamvua kwa makusudi, lakini ajue alichokichagua.

Mimi ningechagua Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, kama wafanya kazi wenzangu wote. Mke wangu alinijibu kwamba mshahara na bahari havijawahi kufahamiana. Jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam linapatikana, na kwenye simu zipo programu zinazoonyesha saa za kujaa na kupwa, lakini yeye huhesabu kwa vidole kuanzia usiku wa kwanza wa mwezi, kama alivyofundishwa na marehemu baba yake. Mwanzoni nilikuwa nikilinganisha hesabu yake na jedwali mbele yake. Siku hizi nalitazama kwa siri tu, na bado sijapata cha kumsahihisha.

Baada ya mwezi huja upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kisha masika, kisha kusi huchukua miezi ya katikati ya mwaka hadi Septemba. Ufukwe mkuu wa Bongoyo uko upande wa kaskazini magharibi wa kisiwa, kwa hiyo wakati wa kusi kisiwa chenyewe huukinga, na mtu aliyekaa chini ya banda la makuti anaweza kusahau kabisa kwamba upande wa pili bahari imechafuka. Hukumbushwa wakati wa kurudi, kwa sababu boti inayorejea Msasani inaelekea kulekule upepo unakotoka, na mawimbi hurushia maji kila aliyekaa mbele. Tumejifunza kukaa nyuma, kufunga simu na pesa ndani ya mfuko usiopitisha maji, na kubakiza kanga moja kavu ya kujitandia tukifika. Kipindi tunachokipenda zaidi ni malelezi ya Oktoba na Novemba, kusi ikiwa imechoka na kaskazi haijaamka, ingawa vuli huweza kumwagia watu mvua bila taarifa.

Kabla ya kufika kwenye starehe hizo nilikuwa na kazi ya kuushinda woga. Mtu wa kizazi changu aliyekulia bara hukutana na vyombo vya majini kwanza katika taarifa ya habari: MV Bukoba iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, MV Spice Islander iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, MV Skagit iliyozama Julai 2012 ikielekea Zanzibar, na MV Nyerere iliyopinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imekaribia kabisa gati la Ukara. Nilikuwa nimewazuia watoto wasipande chochote kinachoelea, na kwa muda mrefu hata kivuko cha Kigamboni nilikipanda nikiwa nimeshika nguzo.

Mke wangu hakunicheka, wala hakunihubiria kwamba ajali hupangwa na Mungu. Alinipa kazi. Aliniambia kwamba katika ajali za MV Bukoba, Spice Islander na Nyerere jambo moja limejirudia, nalo ni watu na mizigo kuzidi uwezo wa chombo, na kwa kuwa mimi ni mtu wa mahesabu, basi kazi yangu kabla ya kupanda boti iwe kuhesabu abiria, kuhesabu majaketi ya kuokolea maisha, na kuona kama namba hizo zinakubaliana na uwezo wa chombo. Zisipokubaliana tunasubiri boti inayofuata, na asiyetaka kusubiri anarudi nyumbani. Kazi hiyo ilinitibu kuliko maneno. Woga ulipata mahali pa kukaa. Tumewahi kuiacha boti iondoke bila sisi kwa sababu majaketi hayakutosha, tukanywa soda gatini, tukaondoka na iliyofuata, na sikuona abiria yeyote wa ile ya kwanza aliyefaidi kuliko sisi. Nasisitiza pia kwamba jaketi livaliwe na lifungwe, kwa maana wapo wanaume wanaolikalia kama mto, tena mara nyingi ni wale wale wanaowaambia wake zao wavae.

Mengine ya maandalizi ni mepesi. Kisiwani hakuna duka wala kisima cha kutegemea, kwa hiyo maji ya kunywa tunayabeba ya kutosha kutwa. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, nasi hubeba kikapu cha ukindu ambacho hurudi na takataka zetu zote. Boti haifungi kila mara mahali pakavu; mara nyingi abiria hushuka maji yakiwa magotini, kwa hiyo suruali ya kukunjwa na viatu vya mpira ni bora kuliko nguo za kupigia picha. Viatu hivyo vina kazi nyingine, kwani kwenye miamba hukaa wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba ukivunjikia mguuni siku imeharibika. Watu wa pwani hupaka utomvu wa papai bichi. Mimi nasema viatu ni rahisi zaidi.

Chakula kinahitaji busara kidogo. Chini ya mabanda ya makuti wapo wanaochoma na kukaanga samaki, changu au kolekole, na pweza akipatikana, pamoja na chipsi au wali. Mke wangu huagiza dakika tunapofika, hata kama hakuna mwenye njaa, kwa sababu samaki mzima huchukua muda kwenye makaa na wateja wa boti zinazofuata watakuja wote kwa pamoja. Humtazama samaki mwenyewe kabla hajaingia jikoni, huinua shavu lake kuona wekundu, na hukubaliana bei hapo hapo kwa ukubwa wa huyo huyo aliyemshika. Mzozo wote niliowahi kuusikia chini ya mabanda yale ulitokana na bei iliyotajwa baada ya kula. Akimaliza huwaamkia na kuwaulizia hali wahudumu wote, mkubwa kwa mdogo, na vijana humwita mama kwa adabu ambayo mimi, niliyesimama pembeni na pochi, siipati kwa urahisi.

Kisha hunifundisha kuogelea. Nilianza somo hilo nikiwa na mvi. Mtu wa Mbinga anaujua mto wa kuvuka na mvua ya kukimbia, na Ziwa Nyasa, lililo chini ya milima yetu, tuliliona kama mali ya watu wa Mbamba Bay. Sikuwa nimewahi kulala juu ya maji maishani mwangu. Mke wangu alinipeleka hadi maji ya kiunoni, akaniambia nigeuke chali, akaweka kiganja chini ya mgongo wangu, na papo hapo nikajikunja, nikanywa maji, nikasimama. Tulirudia hivyo huku watalii wawili waliokuwa jirani wakijitahidi kutazama upande mwingine. Mke wangu, ambaye nyumbani huniambia jambo mara moja tu kisha hununa, pale alirudia sentensi ile ile kwa sauti ile ile bila kuchoka: legeza shingo, baba watoto, legeza shingo, acha kuyapiga maji, hayajakukosea.

Nilitambua jambo hapo ambalo sikulitarajia. Kwa kawaida nikiwa mahali nisipojua kitu hujitetea, hutafuta kosa la mwalimu, au hutoa hoja ya kitaalamu iliyo karibu. Ndani ya maji nafasi ya kujitetea haipo, kwa maana anayefungua mdomo kubishana hunywa chumvi. Nilinyamaza, nikalegeza shingo, na baada ya muda nikasikia masikio yakizama na kelele zote za ufukweni zikikatika, na kiganja chake kikiwa bado chini ya mgongo wangu. Alinieleza baadaye kwamba alikuwa amekiondoa zamani na nilichokuwa nakisikia ni maji. Siku hizi naelea vizuri na napiga mikono umbali wa kuridhisha, lakini sharti lake halijabadilika: hatupiti pale boti zinapotia nanga, na maji yanapotoka hatusogei kwenye ncha za kisiwa, ambako mkondo huwa na nguvu na haujali mtu amefunzwa na nani.

Anayetaka kupumzisha ngozi na jua anaweza kufuata njia za miguu zinazoingia ndani ya kisiwa. Mibuyu ipo, na vichaka vizito vilivyoota juu ya mawe ya matumbawe ya kale, kwani kisiwa chote ni tumbawe lililowahi kuwa chini ya bahari, la aina ile ile ya mawe ambayo wazee wa pwani walijengea misikiti na nyumba zao. Kingo zake ni kali na hukata ndala. Mke wangu hupenda kusimama pale njia inapofika ukingoni na kuyatazama maji ya upande wa pili, na ndipo aliponisimulia kuhusu uvuvi wa baruti, ambao baba yake aliuchukia hadi kufa kwake: mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wadogo kwa pamoja na kuvunja tumbawe lililochukua miaka mingi kukua, na mvuvi wa ndoana anayekuja kesho hukuta kifusi. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi na matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa, na yale yaliyokuwa yamekwisha pigwa baruti yakawa na kazi mbili za kujiponya. Ukivaa miwani ya kuzamia hapa utaviona vyote viwili, vifusi vya kijivu na, kando yake, matumbawe machanga yenye samaki wadogo wa rangi wakiingia na kutoka.

Baada ya chakula huja saa ambazo watu wengi huziogopa, yaani saa 8 na saa 9 mchana, kuoga kumetosha, kula kumekwisha, na boti haijafika. Wengine huzijaza kwa simu. Sisi tuliwekeana sharti kwamba simu zikae kikapuni baada ya kumpigia dada anayebaki na watoto, na kwamba ada za shule, bei ya umeme na ndugu wanaotudai havizungumzwi hadi tumerudi nchi kavu. Sharti hilo la pili, nakiri kwa furaha, ndilo lililotufanya tukae kimya mara za kwanza, kwa kuwa ilibainika kwamba tukiondoa ada, umeme na madeni, hatukuwa na mazungumzo mengi yaliyobaki. Ukimya ule haukuwa mbaya. Ulikuwa mrefu, na kwa kuwa hapakuwa na mlango wa kutokea wala mgeni wa kubisha hodi, ilibidi umalizike wenyewe.

Ulimalizika kwa habari ya mama yake. Baada ya mzee kufariki, mkwe wangu alibaki peke yake Pangani, magoti yakamsumbua, nasi pamoja na shemeji zangu tulikuwa tumekubaliana kumleta Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nimekwisha paka rangi chumba cha uani, nimenunua kitanda kifupi kisichomsumbua kupanda, na nilijiona mkwe mwema, jambo ambalo hata mke wangu hakulikana. Hakuwa amepinga hata siku moja. Pale chini ya makuti, akichora mchangani kwa kijiti, aliniambia kwamba mama yake akikaa Tabata ataisha. Nikamwuliza ataishaje, wakati hospitali iko karibu na wajukuu wapo. Akanieleza kwamba mama yake huamka alfajiri kwenda kutazama vyombo vinavyorudi, ingawa hakuna tena chombo cha mume wake. Kwamba anawajua wavuvi wote na wao humwekea dagaa bila kuulizwa. Kwamba anajua siku ya mwezi bila kutoka nje, kwa kusikia bahari ilivyo usiku. Na kwamba mtu kama huyo, ukimweka kwenye chumba cha uani chenye rangi mpya, utakuwa umemhifadhi tu.

Nimejiuliza kwa nini neno hilo halikusemwa nyumbani, mezani kwetu, ambako tulilijadili suala hilo pamoja na kaka zake. Nadhani ni kwa sababu mezani kwetu mimi ndiye mwenye kalamu. Ninayeorodhesha gharama, ninayeuliza nani atafanya nini na lini, ndiye ninayeonekana kuwa na majibu, na mwenye hisia tu asiye na orodha hujiona hana hoja. Siku ile nilikuwa nimeshinda tangu asubuhi nikifuata maelekezo yake: alichagua tarehe, alichagua boti, alichagua samaki, na alinishika mgongo majini. Alipoanza kuzungumza sikuwa na haraka ya kumsahihisha, na naona yeye hakuwa na wasiwasi wa kusahihishwa. Kama nina ushauri kwa wenzangu waliooana, ambao hunitaka niwatajie hoteli nzuri za kwenda na wake zao, ni kwamba watafute mahali ambapo yule anayesikilizwa kidogo nyumbani ndiye anayejua zaidi. Inaweza kuwa shambani kwa wazazi wake au kwenye mji aliosomea. Kwetu ilitokea kuwa bahari.

Tuliendelea kuzungumza hadi boti ilipoonekana. Nilimwuliza kwa utaratibu kitu gani hasa kinachomshinda mama huko Pangani, na ikawa si vingi kama tulivyodhani: kubeba maji kutoka kwa jirani, na kwenda choo cha nje usiku wakati magoti yamekakamaa. Hapo, kwa mara ya kwanza kutwa ile, utaalamu wangu ulihitajika. Tulikadiria bei ya tangi, mabomba, saruji na fundi kwa kuandika mchangani, na maji yaliyokuwa yakitoka hayakutufutia hesabu, faida nyingine ya kuchagua tarehe vizuri. Kwenye boti tulikaa nyuma, tukalowa kiasi, na yeye akalala begani kwangu katikati ya mawimbi kama abiria wa basi la Tanga, wakati mimi nilikuwa bado nahesabu majaketi.

Shemeji zangu walihitaji kushawishiwa. Mkubwa wao alisema watu wataona tumemtelekeza mama, na mazungumzo yakachukua wiki kadhaa, lakini safari hii mke wangu alizungumza mwenyewe na mimi nikasoma gharama tu nilipoombwa. Tulikubaliana kuchangia, na binti wa jirani anayesoma sekondari akahamia kwa mkwe wangu ili usiku asiwe peke yake, naye husaidiwa ada. Chumba cha uani kilipata mpangaji. Tangi la lita 2,000 lilipandishwa juu ya mnara wake kabla ya masika, choo kikajengwa kikipakana na chumba cha kulala, na tulipokwenda Pangani kukagua kazi, mkwe wangu alinishika mkono mbele ya majirani akanishukuru kwa wazo zuri nililolitoa. Nilimgeukia mke wangu ili aseme ukweli, naye akawa anatazama baharini. Hadi leo mama anaamini wazo lile lilikuwa langu.